Kukimbiza imbwa na kinga (baiskeli): kamba nifungie wapi, na vyombo gani ni lazima?

kinga_nyeusi (Lubumbashi, Bel-Air)

Bandugu habari ya kwenu, niko na swali na tafazali musicheke kwanza mumalize kusoma.

Niko na imbwa, mama yake ni ya hapa hapa kwetu, baba yake banasema ni malinwa (imbwa ya Kibelji) ya nyumba moja kule Golf, sikumuona kwa macho lakini masikio yanasimama na mbio iko nayo kwa hiyo naamini. Iko na miezi 11. Juzi nilimubeba nikapanda naye ku balansi ya muuza makala, nikatosha kilo zangu, ikabakia 24. Jina yake ni Ngojea, juu siku alipofika alilia usiku mzima na mama alikuwa anamwambia "ngojea, ngojea" mupaka asubuhi, basi jina ikabakia.

Sasa Ngojea ana nguvu ya kupita kiasi. Amechimba parseli (kiwanja cha nyumba) yote, amekula sandale 3 (zote za kushoto, sijui juu ya nini), na nikimutembeza kwa miguu mimi njo ninachoka, yeye bado hajaanza. Niko na kinga ile nyeusi ya kawaida, ya kama batu ya makala, frene (breki) za fimbo, porbagaji ya mizigo nyuma. Nikawaza: asubuhi nikipanda njia ya Kasapa afwate pembeni kilometa 5 ao 6, arudi alale.

Ku intaneti nimeona kuna vyuma vya kushikisha imbwa ku kinga, kuna Springer, kuna Walky Dog, kuna makarosa madogo ya kuvuta nyuma, kuna bengine imbwa inakimbia mbele inavuta kama punda. Bei yenyewe ni ya kulia, uongeze na kusafirisha mupaka L'shi (Lubumbashi), hapana. Rafiki yangu mumoja anasema niache kujisumbua nifunge tu kamba ku gidoni (usukani). Munishauri, kitu gani kweli ni lazima na kitu gani ni urembo? Na kuna mutu amekwisha kufanya hii hapa mujini?

---

YayaWaKatuba

Peti, ku gidoni hapana. Huyo rafiki yako anakupenda?

Mimi nilifunga ku gidoni. Njia hiyo hiyo ya Kasapa, saa 12 asubuhi, barabara mutupu, najiona mwanaume. Imbwa yangu ilikuwa ya kilo 18 tu. Kuku moja akatoka mu majani. Kuku moja! Imbwa ikaenda kuume, gidoni ikaenda kuume, mimi nikaendelea mbele peke yangu. Jino la mbele lilibakia pale pale, kidevu kilishonwa nyuzi 6, na kuku hakupoteza hata unyoya. Bibi yangu mupaka leo akiweka kuku ku meza ananiuliza kama ni yeye.

Na ile ingine ya kuzungusha kamba mara mbili ku mukono juu isiponyoke, nayo usifanye. Ikivuta hauwezi kuachia, mukono unaenda na mutu anafwata.

---

papa_parseli

Imbwa ni ya kulinda parseli. Ikichoka na kinga mwizi akikuja usiku itamupigia makofi? Mambo ya wazungu haya.

---

YayaWaKatuba

Papa, na heshima yote, imbwa inayokula sandale mchana usiku inalala kama watu wengine. Tumuache mwana aulize.

---

fundi_wa_kenya

Niko na atelie ya kuchoma vyuma hapa Kenya (Kenya yetu ya L'shi, si ile ya Nairobi, musianze kunitumia shilingi). Hicho chuma nimekwisha kutengeneza mara 3, moja ya padri, mbili za mama mumoja mwenye imbwa mbili. Nitaeleza kidogo juu watu wanakopi picha ku intaneti bila kujua chuma kinafanya kazi gani.

Gidoni ni fimbo ya kugeuza gurudumu la mbele, njo kazi yake. Imbwa ikiruka pembeni inashika ncha ya hiyo fimbo, hata ungekuwa na mikono ya mubeba simenti utashindwa juu haukujiandaa. Ukifungia chini na nyuma, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma ao ku bomba ya kiti chini kabisa, kule kuvuta kunaingia mu fremu, na fremu wewe umeikalia na kilo zako zote. Kinga inayumba kidogo inarudia. Hiyo njo siri yote ya vile vyuma vya bei, Springer na vingine, inayobakia ni rangi na boksi nzuri.

Mimi nachukua bomba ya chuma, ile ya viti vya shule inatosha, urefu kama sentimeta 50. Inatokea upande wa kuume, inapita pedali na nafasi ya mukono moja ili imbwa isipigwe na mguu wako. Ncha napinda na kuivalisha mupira, usiiache wazi, utatoboa mutu. Naibana ku fremu na kole mbili za bulo (vibano vya kukaza na bolti). SICHOMI ku fremu, hata ukinilipa mara mbili: fremu ukiichoma inakuwa zaifu pale pale, na siku unauza imbwa kinga yako itabakia na pembe.

Sasa kitu ambacho watu wanasahau: rezori (springi). Imbwa ikiona paka haivuti pole pole, inapiga. Bila kitu cha kumeza ile nguvu, inakufikia mugongoni na yeye inamufikia kifuani. Chini ya viti vya kinga za zamani kuna rezori mbili nene, kiti kikioza usizitupe, moja inatosha. Kama hakuna, kata mupira wa ndani wa tairi vipande 3, suka kama nywele za mutoto, na katikati upitishe kamba ya nailoni iliyolegea kidogo, ili mupira ukikatika kamba inabakia. Lakini zile elastiki za kufungia mizigo ku moto (pikipiki), zenye ndoano za chuma ku ncha, hapana. Ndoano ikiachia inarudia ku jicho, la kwako ao la imbwa.

Frene: zile za fimbo ukiwa na imbwa badilisha raba zote 4 kwanza. Na siku ya mvua acha kinga nyumbani, raba ku chuma yenye maji haishiki, hiyo hata bila imbwa unaijua.

---

kinga_nyeusi

Aksanti sana fundi, hiyo ya pembe nimecheka mupaka mama akauliza. Kamba kutoka ku bomba mupaka ku imbwa iwe na urefu gani? Na nifungie ku kola ya shingo? Kola yake ni ya ngozi, nguvu kabisa.

---

fundi_wa_kenya

Urefu haupimwi na mita, unapimwa na kinga yako. Simamisha kinga, kamata ndoano ile itakayoshika imbwa, uivute mbele kama vile imbwa inataka kukupita. Ikigusa njiti za gurudumu la mbele, ni ndefu, fupisha. Uivute tena nyuma kama vile imbwa imesimama kukojoa: ikizunguka nyuma ya gurudumu mupaka upande wa pili, bado ni ndefu. Bega ya imbwa ikae sawa na pedali. Ya padri ilitoka sentimeta 45 na rezori ndani yake.

Ya kola waulize wenye kusoma.

---

veto_kasapa

Mimi ni mwanafunzi wa veterineri hapa UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi), bado sijamaliza kwa hiyo musiniite dokta, lakini hii nilisoma na nimeiona ku meza ya kliniki.

Kola ya shingo kwa kukimbia hapana. Koo la imbwa, ile bomba ya kupumulia, iko mbele kabisa ya shingo na nyama ya kuilinda ni kidogo tu. Kinga ikienda kilometa 12 kwa saa halafu imbwa ikasimama ghafla, kilo zako na za kinga zote zinaangukia pale. Unahitaji mukaba wa kifua, ule unaofanya herufi Y mbele: unashuka katikati ya kifua, unapita katikati ya miguu ya mbele, unafungwa nyuma ya kwapa. Ile mingine yenye mukanda moja unaokata kifua kwa upana inazuia mabega, imbwa inatembea nayo bila shida lakini kukimbia inakimbia kama mutu aliyefungwa mikono. Pima hivi: vidole 2 vipite bila kubanwa chini ya mukaba fasi yote, na nyuma ya kiwiko uache kama vidole 4, juu kule ndiko unakwaruza na manyoya yanatoka.

Hapa L'shi usitafute ya kununua. Enda kwa fundi wa viatu na mukaba wa usalama wa motoka iliyokufa, uko kwa wauza pyesi yoyote. Ule mukaba ulitengenezwa kushika mutu mzima, imbwa ya kilo 24 haitaisumbua. Mwambie ashone na uzi wa nailoni, kila fasi mikaba inapokutana ashone mraba na msalaba katikati yake. Pete za chuma ziwe za kuchomwa zimefungwa kabisa, si waya uliopindwa.

Sasa habari mbaya. Miezi 11 bado. Karibu na viungo, ku ncha za mifupa, kuna fasi ambazo bado ni laini, hapo ndipo mufupa unaongezeka urefu. Ku imbwa kubwa zinafunga kati ya miezi 12 na 18, ku ndogo mapema zaidi. Kukimbia mwendo moja bila kupumuzika ku lami ngumu kabla ya hapo kunaweza kuharibu viungo, na haitaonekana leo, itaonekana akiwa na miaka 5 anashindwa kusimama asubuhi. Imbwa ya malinwa namna hiyo ningengoja miezi 15 kwa uchache, na kabla ya kuanza veterinere amupapase nyonga na magoti.

Lakini haukupoteza muda. Hizi miezi umufundishe kinga. Kwanza kinga imelala chini na chakula chake karibu. Halafu unaisukuma kwa mukono unatembea, imbwa upande wa kuume, kinga katikati yenu. Unamufundisha maneno: kuume, kushoto, pole pole, simama. Akijua maneno ukitembea, atayajua ukipanda. Watu wengi wanaanza na kupanda halafu wanafundisha wakianguka.

Kuume, juu kwetu motoka zinapita kushoto kwako. Imbwa ikae upande wa majani, wewe na kinga muwe ukuta kati yake na makamyo.

---

bijou_ya_golf

Samahani naingilia. Mimi imbwa yangu ni kadogo, kilo 6, ni kazee kidogo, hakawezi kufwata kinga hata mita 100. Nilikuwa nakaweka mu kapu ya mbele, zile za waya, na kanapenda upepo. Iko salama?

---

mwana_wa_kolwezi (Cologne, Ujerumani)

Yaya Bijou, kapu ya mbele kwa kilo 6 inawezekana, lakini ujue uzito uko juu ya usukani, pale pale fundi alikuwa anakataza. Ukiegemesha kinga ku ukuta gidoni inageuka yenyewe na kaimbwa kanaanguka, hiyo nimeona na macho. Ningehamisha kapu nyuma ku porbagaji, iwe na ukuta mrefu, chini uweke goniya ama kipande cha blanketi kisichoteleza, juu ya waya miguu inaingia mu matundu. Na ndani umufunge na kamba fupi kabisa ku mukaba wa kifua, SI ku shingo: akiruka na amefungwa shingo utakuwa umemunyonga wewe mwenyewe. Kamba iwe fupi hata asiweze kusimama ku ukingo.

Huku makarosa ya kuvuta nyuma ni ya kawaida, imbwa zee na ndogo zinakaa ndani kama mabosi. Ni nzuri kwa sababu iko chini, ikipinduka haianguki mbali, na inafungwa karibu na ekseli kwa hiyo haigeuzi usukani. Lakini upana wake ni wa barabara za huku. Ku lami ya L'shi na mashimo yake na bisi ya taksi inakupita sentimeta 10, sijui.

Kwa kinga_nyeusi: mimi natumia Springer hapa, ilibuniwa Norwe, na fundi amesema kweli tupu, ni chuma na rezori chini ya kiti. Kuna kitu kimoja tu fundi hakutaja. Pale kamba inaposhikana na chuma kuna kipande kidogo kilichofanywa kwa makusudi kiweze kuachia. Imbwa ikipita upande moja wa mti na wewe upande wa pili, kinaachia, hamuchanganyikani. Tengeneza hicho hata na uzi.

Kitu cha kuchekesha: sheria ya barabarani ya hapa, kifungu cha 28, inakataza kuongoza wanyama kutoka mu motoka, na ku kinga inaruhusu imbwa tu. Kwa hiyo mbuzi hapana. Nilisoma nikawaza kwetu Kolwezi, mbuzi zinapandishwa ku porbagaji zikiwa zimefungwa miguu na hakuna mutu anauliza kifungu.

Na ile ya imbwa kuvuta mbele, achana nayo. Ile ni michezo, Wabelji na Wafaransa wanaiita kani-vetete. Kamba ni ndefu ya mita 2 na zaidi yenye elastiki, mbele ya kinga kuna fimbo inayoizuia isiingie mu gurudumu, na wanakimbilia mu pori hakuna motoka. Ukifanya ile ku njia ya Kasapa na mataksi moto, tutakuchangia matanga.

---

YayaWaKatuba

Hiyo ya kitu cha kuachia mimi sikubali. Imbwa ikiachia iko huru mu barabara na makamyo ya madini yanaelekea Kasumbalesa. Heri tuanguke wote wawili lakini nimeishika.

---

mwana_wa_kolwezi

Yaya, ukianguka na imbwa imefungwa ku chuma, kinga inamwangukia yeye. Na kama lori iko nyuma inawapata wote. Ikiachia angalau mumoja anaweza kuruka mu majani.

---

YayaWaKatuba

Ngojea imbwa yako ikikimbia mbele ya lori utaniambia.

---

veto_kasapa

Wote muko sawa na ndiyo maana jibu haliko ku uzi. Kama ni barabara ambayo imbwa ikiachiwa inakufa, usipite hapo na imbwa. Kipande cha kuachia kiwe cha kuvunjika kwa mti, si kwa kuku: uzi wa katani mara mbili, uujaribu ukiwa umesimama. Na umufundishe kurudi akiitwa kabla ya yote. Njia ya Kasapa asubuhi mapema inapitika, ile ya kuelekea Kasumbalesa hata wewe peke yako na kinga sikushauri.

---

mtu_wa_himbi (Goma)

Naona watu wa L'shi mnaongea lami lami, njoo huku. Hapa Goma barabara nyingi za mtaa ni mawe ya volkano, ile lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, na ya 2021 ikashuka tena mpaka karibu na Buhene, jiwe lake lina meno kama msumeno. Kaka, kitu cha kwanza cha imbwa ya kinga si chuma wala mkaba, ni nyayo. Mimi kila tukirudi naketi kwenye ngazi, nageuza mguu mmoja mmoja, naosha na maji ya chumvi kidogo, naangalia katikati ya vidole. Ngozi ya nyayo ikianza kung'aa na kuwa nyekundu ujue imeisha, imbwa haitakuambia, itaendelea kukimbia juu inakupenda, ndio ubaya wake. Naipumzisha siku 3, 4. Nyayo zinakomaa zenyewe ukianza kidogo kidogo kwenye udongo.

Nilijaribu kuishonea viatu vya ngozi. Ilitembea kama imekanyaga moto, ikavila usiku.

Yangu haikimbii tena sana, ina umri, sasa napanda nayo kwenye chukudu (chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali) nikishuka kutoka kwa mjomba kule Munigi. Nimeweka kikasha cha mbao mbele, inakaa, nasimama nyuma. Breki ni kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma na mguu wangu. Sisemi mfanye.

---

bijou_ya_golf

Imbwa ku chukudu!! Kaka tafazali picha.

---

veto_kasapa

Nimesahau joto, na kwa imbwa hiyo ni kubwa kuliko yote. Sisi tunatoka jasho mwili mzima, imbwa inatoka kidogo tu ku nyayo, inayobakia inajipoza na kuhema. Ikiwa pembeni yako unavuta pedali hauisikii kama inahema vibaya, kwa hiyo kila dakika chache geuza shingo umwangalie ulimi. Ulimi ukiwa mpana kama kijiko na umepinda ku ncha, simama hapo hapo. Mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba miguu ya nyuma, hiyo si kuchoka tena, ni joto limemuingia, na inaua. Joto la kawaida la imbwa ni kama 38 na nusu, likipita 41 uko mu hatari. Kivulini, maji ya kawaida tumboni, mu mapaja na ku nyayo, umupepee, usimufunike na taulo yenye maji juu inashika joto ndani, halafu veterinere haraka.

Mwezi wa 10 hapa usijaribu kabisa labda saa 11 na nusu ya asubuhi, na kilometa 2. Mwezi wa 6 na wa 7 ni raha, asubuhi baridi inakata masikio, imbwa inacheka, lakini vumbi nyekundu iko mingi, umuoshe macho. Lami: weka nyuma ya kiganja chako pale kwa sekunde 7, ukishindwa wewe na yeye atashindwa.

Imbwa zenye pua fupi, zile bulidogi za Golf, hizi mambo ya kinga hapana hata mwezi wa 7.

Chakula: umupe baada ya kurudi na amekwisha kutulia saa nzima, si kabla. Imbwa zenye kifua kirefu tumbo inaweza kujaa hewa na kujipinda, na hiyo ni ya kukimbilia kwa veterinere mara moja.

Na chanjo ya kichaa cha imbwa iwe ya mwaka huu. Si ya yako tu, ni juu ya zile za barabarani zitakazowakimbiza. Zikikuja usizipige mateke ukiwa umepanda: shuka, kinga iwe katikati yenu na zenyewe, tembea pole pole. Nyingi zinakimbiza gurudumu, gurudumu likisimama zinasahau zilikuwa zinataka nini.

---

papa_parseli

Na kaske (kofia ngumu ya kukinga kichwa)? Munavalisha imbwa mukaba wa motoka, mutu yeye kichwa wazi.

---

YayaWaKatuba

Papa leo umesema kweli. Peti vaa kaske, na glavu. Ile kidevu yangu nimeisimulia, mikono sikusimulia.

---

kinga_nyeusi (wiki 6 baadaye)

Bandugu narudia na habari. Nilienda kwa fundi wa Kenya, kumbe ni mutu mufupi mupole, nilikuwa namuwaza mukubwa. Bomba imetoka, rezori ya kiti, kole mbili, dola 12 na fanta. Mukaba wa kifua umeshonwa ku soko na mzee mumoja wa viatu kutoka ku mukaba wa Toyota, aliuliza mara 3 kama kweli ni wa imbwa. Uzi wa katani niliujaribu ku muti wa maembe nikiwa nimesimama, uliachia vizuri, Ngojea akashangaa akanirudilia mwenyewe.

Sijapanda bado. Veterinere alimupapasa akasema nyonga ni nzuri lakini ningoje mwezi wa 15. Kwa sasa tunatembea, nasukuma kinga, yeye kuume, kilometa 1 na nusu asubuhi, halafu mu parseli namufichia chakula mu makatoni afanye kazi ya pua. Munaweza kuamini hiyo ya pua inamuchokesha kuliko kutembea? Sandale zote ziko nzima, hii wiki ya 3.

Shida moja ambayo hakuna mutu alinionya. "Simama" anajua, "kuume" anajua, "kushoto" anachanganya lakini inakuja. Sasa juzi moto ikapita karibu nikaogopa, nikasema kile kitu mutu anasema akiogopa: "Ngojea, ngojea!" Na yeye, akisikia jina yake mara 2 na sauti ya juu, anafanya kile nilimufundisha kufanya akiitwa. Alinirukia kifuani, kinga ikaanguka, mimi chini, bomba ikapindika kidogo. Nilikuwa natembea tu! Sasa nyumbani tunamwita Ngo, na mama amekataza mutu yeyote kusema "ngojea" mu parseli, hata ku simu, tunasema "vumilia kidogo".

Fundi, bomba inalia kwii kwii tangu siku hiyo na yeye anaiangalia vibaya. Nifanye nini?

---

fundi_wa_kenya

Kole imelegea, si bomba. Leta Jumamosi nikaze na kutia grisi, bure. Kuja naye nimuone akitembea nayo.

Lakini pitieni barabara ya nyuma. Jirani yangu anafuga kuku.